Waamuzi wa Mawe Yao

Mwezi Februari 2026, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi nchini Italia, mchezo wa kelingi uligeuka gumzo la dunia kwa sababu ya ncha ya kidole. Timu ya wanaume ya Uswidi iliilalamikia timu ya Kanada kwamba mchezaji wake hugusa jiwe tena baada ya kuliachia. Matusi yakatoka mbele ya kamera, na watu ambao hawajawahi kuuona mchezo huo wakaanza kurudiarudia picha za video wakikitafuta kidole. Kwa sisi tuliouandama mchezo huu tangu mwanzoni mwa karne, ugomvi ule ulifufua kumbukumbu nyingi, pamoja na swali lililokuwa limekwisha kuulizwa kabla yake: je, fedha itauharibu mchezo huu? Mwaka 2025 kampuni ya The Curling Group ilitangaza Rock League, ligi ya kulipwa yenye timu sita, kila moja ikiwa na wanaume watano na wanawake watano. Wengi waliyaunganisha mambo hayo mawili upesi: fedha inaingia, uungwana unatoka. Hoja hiyo ni rahisi kuimeza, lakini nikiipanga miaka hii yote kwa mfuatano wake naiona inapwaya. Kilichowaweka wachezaji wa kelingi katika uaminifu ni urefu wa maisha yao ya mchezo na udogo wa kundi lao, na mfuko mtupu haukuwa na kazi kubwa humo.

Kwa asiyeujua, timu mbili za watu wannewanne husukuma mawe ya itale juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 45 hivi, kila upande ukitaka mawe yake yakae karibu zaidi na kitovu cha duara lililochorwa mwisho wa uwanja. Jiwe moja halizidi kilo 20, na itale yenye sifa hutoka katika kisiwa kidogo cha Ailsa Craig, pwani ya Uskoti. Barafu hunyunyiziwa matone ya maji yakaganda kama vipele, na jiwe likipita juu ya vipele hivyo hujipinda polepole kufuata mzunguko aliolipa mrushaji. Wenzake hukimbia mbele ya jiwe wakifagia ili lifike mbali zaidi au lisipinde mapema. Kila timu ina mawe manane kwa raundi, na mechi ya Olimpiki ina raundi kumi. Nahodha husimama upande wa pili akionyesha shabaha, na kwa kawaida ndiye hurusha mawe mawili ya mwisho ya timu yake, yale ambayo mechi nyingi huangukia juu yake.

Linalonihusu hapa ni namna mechi inavyohukumiwa. Waamuzi wapo, lakini sehemu kubwa ya kazi yao hufanywa na wachezaji wenyewe. Raundi ikiisha, manahodha wasaidizi wa pande zote mbili huyatazama mawe na kukubaliana nani kapata pointi ngapi, na mwamuzi huitwa na kipimo chake pale tu wanaposhindwa kuelewana. Aliyeligusa jiwe linalotembea, kwa brashi au kwa kiatu, hutarajiwa aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Timu inayoona haina tena njia ya kushinda hutoa mkono kabla mechi haijafika mwisho, na hakuna anayeiona ya waoga. Siku hizi mshikio wa jiwe hutiwa kifaa chenye taa kinachoonyesha kama mkono uliachia kabla ya mstari unaotakiwa, lakini kifaa hicho kinajua habari za mshikio tu. Kidole kikigusa itale yenyewe, taa haina habari. Ndipo ulipopenyea ugomvi wa Italia.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba uungwana huu ni tunda la mchezo wa ridhaa. Ukitazama mwanzo wa karne unaweza kuyaamini. Mwaka 2002, Salt Lake City, Rhona Martin, mama wa watoto wawili kutoka Uskoti, alirusha jiwe la mwisho lililoipa Uingereza dhahabu mbele ya Uswisi, huku karibu watu milioni sita wakikesha mbele ya televisheni zao nyumbani. Miaka minne baadaye, Turin, Uswidi ilishinda chini ya Anette Norberg, mtaalamu wa hesabu za bima, ambaye alirudi Vancouver mwaka 2010 akiwa na miaka 43 na kuitetea dhahabu ile. Huko huko Turin, timu ya wanaume ya Kanada ilikuwa na Russ Howard, wakala wa kuuza nyumba, aliyetimiza miaka 50 siku tano tu kabla ya fainali. Watu wa namna hii walikuwa na mishahara yao kwingine. Ni rahisi mtu kusema kwamba hawakudanganya kwa kuwa hapakuwa na cha kudanganyia.

Lakini katika msimu wa 2001 na 2002, wakati Rhona Martin akijiandaa kwa jiwe lake maarufu, timu 18 kubwa za wanaume wa Kanada zilikuwa zimeligomea Brier, shindano la taifa lao, zikidai zawadi za fedha na haki ya kuvaa nembo za wadhamini. Zikajiunga na mashindano mapya ya Grand Slam. Mmoja wa vinara wa mgomo huo, Kevin Martin, alikuja kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010 bila kupoteza mechi hata moja. Fedha, basi, ilikwisha kubisha hodi zaidi ya miaka ishirini kabla ya ligi hii mpya, na walioifungulia mlango ni wachezaji wenyewe. Kama ingekuwa sumu inayosemwa, tungekwisha kuona dalili zake zamani. Tulichokiona mwaka 2015 kilikuwa kinyume. Yalitokea mabrashi yenye kitambaa kilichoukwangua uso wa barafu kiasi kwamba wafagiaji hodari waliweza kulielekeza jiwe karibu watakako, na ustadi wa mrushaji ukaanza kupoteza maana. Hapakuwa na kanuni iliyoyakataza. Timu 22 za juu zilikubaliana zenyewe, kwa sahihi, kwamba hazitayatumia. Shirikisho la dunia lilikuja nyuma yao, likafanya majaribio mwaka 2016 huko Kemptville, Ontario, kisha likaweka kitambaa kimoja kinachoruhusiwa. Waliotia sahihi ndio hasa waliokuwa wakiwania fedha za Grand Slam. Katika michezo mingi ninayoifahamu, wachezaji husubiri kanuni ndipo watafute tundu lake.

Kwa nini walifanya hivyo? Jibu langu ni muda. Mchezaji wa kelingi huanza na vijana akiwa na miaka kumi na kitu, na anaweza kuwa bado yuko kwenye barafu ya juu kabisa akiwa na miaka arobaini na zaidi. Miaka yote hiyo hukutana na watu walewale: aliyemshinda kwenye mashindano ya vijana ndiye anayemngoja kwenye nusu fainali ya dunia, na kesho huenda wakawa timu moja, maana timu huvunjika na kuundwa upya kila baada ya Olimpiki. Akiiba pointi moja leo, atalazimika kuwatazama usoni walioibiwa kwa miaka ishirini. Linganisha na mbio za barabarani ambazo wasomaji wa Afrika Mashariki wanazijua vizuri. Mkimbiaji wa Kenya anayekwenda kutafuta riziki kwenye marathoni za miji ya nje ana misimu michache ya kilele, wapinzani wengi asiowafahamu, na ushindi mmoja unaoweza kununua shamba na kujenga nyumba ya mama yake. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano kupambana na dawa za kusisimua misuli ili nchi isifungiwe. Siamini kabisa kwamba vijana wa Iten wana dhamiri hafifu kuliko vijana wa Uskoti. Dau lao limewekwa lote kwenye siku moja, mbele ya watu ambao hawatakutana nao tena.

Muda mrefu hufanya na kazi nyingine ambayo haisemwi sana: humpa mtu nafasi ya kuanguka hadharani na kuinuka palepale alipoangukia. Eve Muirhead, binti wa mchezaji wa kelingi kutoka Blair Atholl, alikuwa nahodha wa Uingereza kwenye Olimpiki ya 2010 akiwa na miaka 19. Alipata ubingwa wa dunia mwaka 2013 na shaba ya Sochi mwaka 2014. Mwaka 2018, kwenye mechi ya kuwania shaba, jiwe lake la mwisho dhidi ya Japani lilikosa shabaha, naye akarudi nyumbani mikono mitupu na nyonga iliyohitaji upasuaji. Ubingwa wa dunia wa 2021 ulimwendea vibaya hata Uingereza ikakosa nafasi ya moja kwa moja ya kwenda Beijing, ikalazimika kupitia mashindano ya kufuzu mwezi Desemba, Uholanzi. Miezi miwili baadaye alisimama kwenye fainali ya Olimpiki, na upande wa pili alikuwa Satsuki Fujisawa, nahodha yuleyule wa Japani. Uingereza ilishinda kwa 10 dhidi ya 3. Mwezi Agosti mwaka huohuo akastaafu. Kwa mtu wa nje huo ni ushindi wa kulipiza. Mimi naona zaidi ile miaka minne katikati, ambamo alijua kwamba waliomwona akikosa wangekuwapo tena, na kwamba angepewa jiwe jingine.

Habari ya John Shuster wa Minnesota ni kali zaidi. Alikuwa na shaba ya 2006 kama mchezaji wa kawaida, kisha akawa nahodha wa Marekani mara mbili mfululizo, 2010 na 2014, na mara zote mbili timu ikashinda mechi mbili na kupoteza saba. Jina lake likageuzwa mzaha mitandaoni, likimaanisha kuharibu mambo wakati wa mwisho. Baada ya Sochi chama cha taifa kilimwacha nje ya mpango wake wa wachezaji teule. Akakusanya wenzake, wakiwemo mhandisi na msimamizi wa duka la vileo, timu iliyojiita kwa utani ya waliokataliwa, nayo ikawashinda walioteuliwa. Pyeongchang, mwaka 2018, walianza kwa ushindi mara mbili na kushindwa mara nne, kisha hawakupoteza tena, wakatwaa dhahabu kwa 10 dhidi ya 7 mbele ya Uswidi ya Niklas Edin baada ya kuzoa pointi tano katika raundi ya nane. Edin naye, aliyekuwa na shaba ya 2014, akabaki na medali yake ya fedha hadi 2022 alipoipata dhahabu Beijing. Mchezo unaowafukuza watu kwa kosa moja usingetupa yeyote kati ya hawa. Mtu anayejua kwamba mlango wa kurudi upo hana haja kubwa ya kuficha jiwe aliloligusa leo.

Wapo watakaonijibu kwamba kundi dogo lenye kumbukumbu ndefu ni baraza la kijiji, na baraza la kijiji lina ukatili wake. Hoja hii naichukulia kwa uzito. Mwaka 2018, Pyeongchang, mchezaji wa Denmark aliligusa jiwe la timu yake lililokuwa bado linatembea. Rachel Homan, nahodha wa Kanada, alikuwa na haki kwa mujibu wa kanuni kuliacha lilipo, kupanga mawe upya, au kuliondoa. Akaliondoa. Hakuvunja chochote, lakini alimwagiwa lawama nzito, hata na watu wa nchi yake, kwamba si ustaarabu kuondoa jiwe ambalo pengine lingeishia palepale. Denmark ilishinda mechi hiyo hatimaye kwa 9 dhidi ya 8, jambo lisilopunguza kelele. Nina hakika nahodha mwanamume angesamehewa mapema zaidi. Hata hivyo, kilichofuata kinafaa kuhesabiwa pia: Homan aliendelea kucheza, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2024 na tena 2025, na wapinzani wake wakubwa wakaendelea kumpa mkono. Kelele za nje zilikuwa za wiki moja. Hukumu ya waliocheza naye ilichukua miaka, na ilikuwa ya haki zaidi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye Olimpiki hiyohiyo. Mchezaji wa Urusi katika kelingi ya mseto, mwanamume na mwanamke, alipimwa akakutwa na meldonium, na shaba yao ikaenda kwa Norwei. Watu walicheka: dawa ya kusisimua mwili katika mchezo wa kufagia? Wasiowahi kufagia kwa raundi kumi wakiegemeza uzito wote wa mwili kwenye brashi ndio waliocheka. Lakini swali linabaki: uko wapi uaminifu wa kundi dogo hapo? Nakubali kwamba haukufanya kazi, na naona sababu. Macho ya wenzako hulinda kile tu ambacho wenzako wanaweza kukiona. Jiwe lililoguswa lina mashahidi wanane uwanjani. Damu haina shahidi isipokuwa maabara. Kwa hiyo mchezo unahitaji vyote viwili, na kosa ni kudhani kimoja kinaweza kushika zamu ya kingine. Kidole cha Italia kiko katikati ya hivyo viwili, na ndiyo maana kilisumbua: wapinzani walikuwa wakikiona, lakini taa ya mshikio haikukiona. Aliyelalamika alikuwa mtu wa kundi lilelile, aliyecheza na hao wengine kwa miaka mingi, na Olimpiki yenyewe haimpi mshindi fedha yoyote. Anayeutaja ugomvi ule kama dalili ya tamaa ya pesa amechagua mfano usiomfaa.

Fedha ina madhara yake, lakini tukiyatafuta kwenye barafu hatutayaona. Yapo ofisini. Wasichana wa Uiseong, mji wa vitunguu saumu huko Korea Kusini, walipotwaa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2018 waligeuka vipenzi vya nchi nzima, wadhamini wakawakimbilia. Kabla mwaka haujaisha waliandika barua ya kuwashitaki viongozi na makocha wao kwa kuwatukana, kuwatawala maisha na kutowapa fedha za zawadi walizoshinda. Uchunguzi wa serikali ulithibitisha malalamiko hayo mwanzoni mwa 2019. Msomaji aliyewahi kufuatilia safari za timu zetu za taifa hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wachezaji wale hawakumwibia mpinzani hata inchi moja ya barafu. Walioibiwa ni wao. Baadaye walihamia timu ya mji wa Gangneung wakiwa bado pamoja, na mwaka 2022 wakapata medali ya fedha ya ubingwa wa dunia. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa kundi linalojuana tangu shule, na wangeweza kusema kwa sauti moja.

Kuna la mwisho linalonitatiza katika hoja yangu mwenyewe. Ikiwa uaminifu unalindwa na udogo wa kundi, je, mchezo ubaki wa Waskoti, Wakanada, Waswidi na Waswisi? Mwaka 2019 Nigeria iliingia kwenye ubingwa wa dunia wa kelingi ya mseto, Stavanger, ikaishinda Ufaransa, ushindi wa kwanza wa nchi ya Afrika katika mashindano hayo. Kenya nayo imejiunga na shirikisho la dunia, nchi ambayo ukumbi wake wa barafu, ule wa Panari jijini Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005 na kujengwa kwa ajili ya kuteleza, si kwa mawe. Wageni hawa hawakuzaliwa ndani ya kundi, na hawana babu aliyewafundisha kutoa mkono. Lakini Korea haikuwa naye pia, wala Japani. Adabu ya mchezo huu hujifunzwa kwa kucheza mara nyingi na watu walewale, kwa hiyo nchi changa inahitaji mechi nyingi kuliko inavyohitaji mahubiri. Timu inayosafiri mara moja kwa mwaka, ikacheza mechi tano na kurudi, haipati nafasi ya kufahamika.

Hapo ndipo ninapoitazama Rock League bila hofu ya wengi. Kuwachanganya wanaume na wanawake wa nchi mbalimbali katika timu moja huenda kukalizidishia kundi kujuana. Ninachokihofia ni aina ya mkataba. Ligi nyingi za kulipwa huishi kwa kuwauza na kuwanunua watu kila msimu, na mchezaji asiyejua kama mwakani atakuwapo ana sababu ndogo ya kulinda jina lake kwa miaka ishirini. Kule Italia, shirikisho lilianza kwa kuongeza macho ya waamuzi kwenye mstari, kisha likalegeza: waamuzi wakabaki tayari kuangalia pale timu inapoomba. Ilikuwa hatua sahihi, kwa sababu iliwaachia wachezaji jukumu la kusema. Wenye ligi wakitaka kujua fedha zao zitaufanya nini mchezo huu, waanze na karatasi za mikataba: ni ya miaka mingapi, na nani mwenye sahihi kwenye akaunti ya zawadi.